Koti la Tapeli

Katika miaka yote niliyotunga nyimbo za michezo ya kuigiza pale Mpanda, sikumbuki hata siku moja mshereheshaji aliposimama akasema nani ametunga maneno. Alitajwa mpiga kinanda. Alitajwa mwenye lori lililotubeba. Siku moja alitajwa mama aliyepika wali, akapigiwa makofi marefu kuliko ya mchezo wenyewe, na kwa kweli wali ule uliyastahili. Lakini maneno, nadhani watu waliamini huwa yanaokotwa njiani pamoja na kuni.

Katika habari hii nami sitamtaja mtu yeyote kwa jina. Si kisasi, ingawa raha yake naionja kidogo. Ni kwamba mmoja wa wahusika aliniruhusu kuandika kwa sharti hilo, na yeye si mtu ambaye ningependa kumkosea mara ya pili.

Nilizaliwa Kasansa, kwa wakulima wa mpunga. Kutunga nilianzia kwenye kichanja cha kuamia ndege. Mtoto unapandishwa pale asubuhi na kombeo na debe bovu, unapiga kelele mpaka jua linazama ili ndege wasimalize mpunga wa baba yako. Kelele tupu zinachosha. Nikaanza kuwatungia ndege maneno: mara nawasihi, mara nawatukana, mara nawasingizia kwamba shamba la jirani lina mpunga mtamu zaidi. Ndege hawakuwahi kunisikiliza, ila jirani alisikia, akaenda kunishtaki kwa baba. Huyo ndiye msikilizaji wangu wa kwanza.

Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa mjini Mpanda, nimepanga chumba Shanwe na kibanda changu cha fundi redio kiko Kashaulili, mkabala na soko. Redio zililisha tumbo. Maneno niliyatungia kikundi chetu cha sanaa, ambacho nusu yake ilikuwa kwaya ya parokia na nusu nyingine watu waliofukuzwa kwaya. Tulifanya michezo ya kuimba: mtu anaoa kwa wimbo, anaibiwa kwa wimbo, anakufa kwa wimbo wa beti nne na kiitikio. Watu wa Mpanda walipenda sana mtu afe polepole.

Kila wimbo nilioutunga ulikuwa na shimo. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yetu ya kufanya kazi, maana hakuna mchezo uliokwenda bila mgeni rasmi, na mgeni rasmi hajulikani mpaka asubuhi ya siku yenyewe. Kwa hiyo katika ubeti wa mwisho niliacha nafasi ya silabi tano, na mwalimu wa kwaya alikuja mbio na cheo cha kujazia. "Mkuu wa wilaya" alienea na kupita kidogo. Lakini mkuu wa wilaya alikuwa na tabia ya kutuma mtu, na yule mtu alikuwa na tabia ya kuwa kaimu msaidizi wa kitu kirefu, basi waimbaji walilazimika kukimbiza cheo chake kama watu wanaoiwahi treni ya Tabora. Ndani ya shimo lile nimeshaingiza maafisa, mapadri, na mara moja mwenye kiwanda cha kukoboa mpunga. Jina langu halikuwahi kupita hata karibu.

Mchezo wetu uliovuma kuliko yote ulihusu tapeli. Anaingia kijijini akiwa amevaa matambara, anadanganya kwamba ni mkimbizi aliyepoteza kila kitu, wanakijiji wanamhurumia na kumpa vitu, kisha anaondoka navyo huku akicheka. Niliutunga wimbo wake wa kuomba kwa jioni moja, nikitafuna karanga kibandani, na nilicheka peke yangu kwa jinsi ulivyokuwa mwepesi:

Nyie mlio na moto, nipeni nami niote,
Nilikotoka ni mbali, nimeacha vitu vyote,
Sina ndugu, sina jina, nimeuliza popote,
Mwenye nguo na anipe, usiku huu nipite.

Aliyemwigiza tapeli alikuwa muuza nyama wa pale sokoni, rafiki yangu, mtu mwenye mdomo ambao angeweza kukuuzia mfupa ukaondoka unamshukuru. Mjini watu walivunjika mbavu. Tulipata mialiko kila upande. Na katika kupata mialiko, tukaalikwa Katumba, kwenye makazi ya watu waliotoka Burundi.

Nimefikiria mara nyingi ni kwa nini katika watu ishirini na kitu ndani ya lori lile hakuna hata mmoja aliyesema, jamani, mchezo huu tunaupeleka kwa nani? Waliokuwa wanatungoja walikuwa wamekimbia kweli, wameacha vitu vyote kweli. Sisi tulikuwa tunabishana kuhusu wali wa mchana. Mimi mwenyewe nilikuwa nahesabu silabi za mgeni rasmi.

Tulicheza kwenye uwanja wa kanisa, alasiri ya Jumatatu ya Pasaka. Muuza nyama alipoanza ule wimbo, uwanja ulinyamaza kabisa. Mjini walikuwa wanaanza kucheka kwenye mstari wa kwanza. Pale hata watoto walitulia. Nilikuwa nimekaa nyuma ya kwaya na daftari langu, na nakiri kwamba nilivimba. Nikasema moyoni, leo wamepatikana watu wanaojua maneno. Alipofika kwenye "mwenye nguo na anipe", mzee mmoja alitoka katika kundi, akavua koti lake la sufu la kahawia, akamvika tapeli mabegani kwa nyuma, akarudi zake mahali pake.

Kumtunza msanii ni jambo la kawaida kwetu. Mtu akiguswa anakwenda mbele, anampa anachompa, mchezo unaendelea. Kwa hiyo muuza nyama aliendelea. Onyesho lililofuata ndilo la tapeli kucheka, na yeye akaona ajabu aache koti zuri namna ile bila kulitumia. Akalivaa vizuri, akainua kola, akatamba nalo mbele ya watu huku akiwabeza wajinga waliomwamini. Waliocheka ni sisi tuliokuja na lori. Wenyeji walicheka kidogo, kwa adabu, kama mtu anavyochekea mzaha wa mgeni aliyemkaribisha mezani. Mchezo ulipokwisha tulimtafuta mzee turudishe koti. Alikuwa ameshaondoka, na hakuna aliyekuwa na hakika ni nani. Tukalitia kwenye sanduku la mavazi, na tangu siku hiyo likaitwa koti la tapeli.

Miaka miwili ikapita, nikapenda.

Alikuwa anapika chai na maandazi kwenye hoteli ndogo iliyopakana na kibanda changu, na alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia nyingine. Alinizoea kwa sababu nilikuwa nakaa na kikombe kimoja asubuhi nzima nikiandika na kufuta.

"Unamwandikia nani barua kila siku?" aliniuliza. "Huyo mtu hajibu?"

Nikamwambia natunga maneno ya nyimbo. Akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe huwa yanatungwa." Nikajua huyu ndiye mke.

Kwao ni Katumba. Mama yake alikuwa amefariki, na baba yake, mkulima wa tumbaku, alikuwa mtu wa maneno machache. Alinieleza mapema ili nijiandae: baba yake hakuwa na imani na watu wa mjini. Kulikuwa na sababu. Mzee alikuwa na koti alilokimbia nalo kutoka kwao akiwa kijana, koti pekee la maisha yake, na siku moja alikwenda kijiji kingine cha makazi kumtembelea shemeji yake, akarudi bila koti. Aliibiwa. Tangu hapo akisikia mtu ametoka Mpanda anafunga mlango.

Nilikasirika sana. Nilimwambia hao ni watu gani wasio na haya, wanaomwibia mzee wa watu koti. Nilikasirika vizuri kweli, mbele ya kikombe changu cha chai, na binti akanipenda zaidi kwa ajili ya hasira ile.

Baadaye nilijiuliza kwa nini akili yangu haikuruka kutoka koti moja hadi jingine. Jibu halinipi sifa. Ni kwamba koti la tapeli lilikuwa limeshakuwa la tapeli. Nilisahau kwamba kabla ya hapo lilikuwa la mtu.

Basi ikaja posa. Kwetu, na kwao hali kadhalika, kijana anayeposa hasemi. Anakaa karibu na mlango, anaangalia miguu yake, na mshenga ndiye anayezungumza. Mtunga maneno mzima, siku ya jambo langu kubwa kuliko yote, nilitakiwa nifunge mdomo. Nilitafuta mshenga mwenye ulimi, na katika Mpanda yote ulimi ule ulikuwa mmoja tu. Nikamwendea muuza nyama. Nikamwandikia kurasa mbili za maneno ya heshima, mapya kabisa, hakuna ua wala bustani wala jogoo aliyepotea wa posa za kila siku. Akayakariri siku tatu huku akikata nyama.

Siku ya kwenda, binti alibaki Mpanda kama ilivyotakiwa. Tuliondoka kwa baiskeli, mimi, mshenga na baba yangu mdogo aliyetoka Kasansa. Jua la mwezi wa kumi lilikuwa linapiga kama lina ugomvi nasi, na mshenga alikuwa amevaa koti.

"Mshenga bila koti ni mchuuzi," alisema. Alilitoa kwenye sanduku la mavazi, akalipiga brashi, akalinyoosha kwa pasi. Nami nikamtazama, nikamwambia limemkaa vizuri.

Mzee alitupokea na ndugu zake wawili. Tukaingia, tukasalimiana, tukakaa. Halafu macho yake yakafika kwenye lile koti, yakabaki palepale. Nilidhani anastaajabia joto. Alikuwa anaangalia kifungo cha pili kutoka juu. Vifungo vingine vilikuwa vyeusi, hicho kilikuwa cheupe, cha shati. Baadaye nilikuja kujua kwamba marehemu mkewe ndiye aliyekishona, wiki ile walipofika Katumba, na kwamba hapakuwa na kifungo kingine cha kushona.

"Karibuni," alisema mzee, bado anaangalia kifungo. "Mmekuja na neno gani?"

Mshenga alisimama. Huyu ni mtu aliyeimba mbele ya maelfu bila kutikisika. Lakini hakuwahi kutazamwa namna ile, kifuani, na mtu asiyepepesa. Akafungua mdomo, na zile kurasa zangu mbili zikamtoka zote kichwani. Niliziona zinamtoka. Jasho likamtiririka, na kama mtu anayeteleza anavyoshika chochote kilicho karibu, akashika maneno aliyoyajua kuliko yote.

"Nyie mlio na moto," alisema kwa sauti nzito ya heshima, "nipeni nami niote."

Baba mdogo akatikisa kichwa kukubali. Na kusema kweli, kwa posa, yalianza vizuri. Mtu anaomba moto, kuna ubaya gani? "Nilikotoka ni mbali," akaendelea mshenga, amepata nguvu sasa, "nimeacha vitu vyote." Nilimwombea kwa Mungu aishie hapo. Hakuishia hapo. Alikwenda mpaka kwenye "mwenye nguo na anipe", na alipofika, kwa mazoea ya miaka miwili, akainua kola.

Chumba kikawa kimya. Nilikitambua kimya kile. Kilikuwa kilekile cha uwanja wa kanisa, na safari hii sikuvimba.

"Hayo maneno nayajua," alisema mzee taratibu. "Nani aliyatunga?"

"Aa, mzee wangu," mshenga akasema, "hayo ni maneno ya watu wote. Yapo tu."

Hapo ndipo nilipokuwa na njia ya kutokea. Ile dharau niliyoilalamikia miaka yote, kwamba maneno yapo tu, siku hiyo ilikuwa imenifungulia mlango wa nyuma. Nikinyamaza, mila iko upande wangu, na mzee atamchukia muuza nyama, ambaye ameshazoea kuchukiwa kwa sababu ya mizani yake. Nitaoa. Nikisema, nitarudi Shanwe na baiskeli yangu na habari ya kumweleza binti.

"Mimi," nikasema.

Baba mdogo aligeuka akanitazama kama nimevua nguo. Ningependa kuandika kwamba nilisukumwa na ukweli. Nusu yake ilikuwa ukweli. Nusu nyingine ni kwamba tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuuliza.

Mzee alinyoosha kidole kwenye koti. Alimwambia mshenga, "Vua." Mshenga akavua. Mzee akalichukua koti, hakulivaa, akalikunja magotini na kupitisha kidole gumba juu ya kifungo cheupe. Akaanza kusema, na alisema na mimi tu.

"Siku ile nilitoka nyumbani nimelivaa, nikarudi sina. Wanangu wakauliza liko wapi. Nikasema limeibwa. Ningewaambia nini, mwana wanje, mwanangu? Kwamba nimemvika mtu aliyekuwa anajifanya mimi?"

Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Nimetukanwa na wakaguzi wa maandishi, na mapadri, na wakuu wa shule, na kila mara nilirudi nyumbani nikiwa na jibu zuri ambalo sikulitoa. Siku hiyo hata nyumbani sikurudi na jibu.

"Yalikuwa maneno ya mchezo, baba," nilisema mwishowe.

"Mimi niliyasikia ya kweli," alisema. "Ndiyo shida yenu nyie wenye nchi. Mnajua kulia kwetu kuliko sisi." Kisha akawatazama ndugu zake, akanitazama tena. "Kutunga nyimbo siwezi. Wewe unaweza. Nenda katunge upya. Yule mgeni aombe, lakini asiwe mwongo. Ukimaliza uje unisomee. Siku nitakayosema sawa, siku hiyo tutazungumza habari ya binti. Na haya ya koti yasitoke humu."

Tulirudi, mshenga akiwa na shati tu, anasikia upepo.

"Baba kasemaje?" binti aliniuliza asubuhi yake, mikono ikiwa kwenye unga.

"Anataka nimtungie wimbo."

"Wimbo tu?" Akacheka kwa furaha. "Si ndiyo kazi yako? Kesho kutwa si tayari?"

Ilichukua miezi minane. Wimbo wa mwongo nilikuwa nimeutunga kwa karanga za jioni moja. Wimbo wa mtu mkweli ulinikausha. Mara ya kwanza nilipeleka beti kumi na nne, nikamsomea mzee akiwa anapanga majani ya tumbaku. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bado ni tapeli." Nikarudi. Nikafuta mapambo yote, nikaingiza machozi, mto, mwezi, mama anayepunga mkono. Nikasoma na sauti ikanitetemeka mwenyewe.

"Huyu analia vizuri mno," alisema mzee. "Mtu anayekimbia hana nafasi ya kulia vizuri."

Mara ya tatu nilikuwa nimeshaanza kumchukia. Juu ya baiskeli, maana kuna kilomita za kutosha za kuchukia mtu kati ya Katumba na Mpanda, nilimtungia beti ambazo hazitaandikwa popote. Binti naye alianza kuniangalia kwa jicho jingine. Alisema kama sitaki kuoa niseme tu, nisisingizie vina. Kuna mfanyakazi wa reli alikuwa anakuja kunywa chai pale mara tatu kwa siku, na hakuna mtu mwenye kiu ya namna ile.

Safari ya nne sikuwa na kitu. Daftari lilikuwa tupu. Nilikwenda kumwambia mzee kwamba nimeshindwa, na nilipofika nikamkuta anapigapiga redio yake. Ilikuwa haishiki tena mawimbi ya kwao, na miaka ile habari za kwao hazikuwa za mtu kutamani, lakini alitaka kuzisikia. Nikasema nipe. Nikatoa bisibisi, nikaketi chini, nikaifungua. Mikono yangu ilikuwa na kazi na macho yangu yalikuwa kwenye nyaya, na nadhani kwa mara ya kwanza mzee aliona mtu ambaye hasubiri maneno kutoka kwake.

Akasema, bila mimi kumuuliza, kwamba siku wanaondoka kulikuwa na chungu cha maharage motoni. Yalikuwa bado hayajaiva. Mlango waliuacha wazi, kwa sababu kuufunga kungekuwa kama kusema hawarudi. Na kulikuwa na mbuzi jike, amefungwa kamba kwenye mgomba nyuma ya nyumba. Walipofika mbali akakumbuka kwamba hakumfungua. Akataka kurudi, mkewe akamkamata kwa koti.

"Mtu akiniuliza kwetu, simwoni baba, simwoni nani," alisema. "Namwona yule mbuzi. Nani alimfungua?"

Nikaendelea kuunganisha waya. Sikuthubutu kuinua kichwa. Redio ilipowaka, alisikiliza dakika chache kisha akaizima mwenyewe. Nami nikafungua daftari, nikaandika aliyoyasema kama alivyoyasema, chungu, maharage, mlango, kamba. Sikuhesabu silabi. Hapakuwa na shimo la mgeni rasmi. Kiitikio kilikuwa swali moja, nani alimfungua mbuzi wangu, basi.

Nikamsomea palepale.

"Hayo siyo maneno yako," alisema.

"Siyo yangu, baba. Ni yako."

"Sawa," alisema. Ilikuwa ile sawa. Nilitoka nje nikaegemea baiskeli, nikalia, na sina hakika kama nililia vizuri.

Wimbo uliimbwa Katumba kwenye sikukuu ya mavuno, uwanja uleule wa kanisa. Binti alikuwepo, akiimba katika kwaya. Muuza nyama aliimba sauti ya mgeni, akiwa na shati jeupe, mikono imetulia ubavuni, na sijawahi kumwona mtu yule akiogopa maneno kiasi kile. Kabla ya kuanza, mshereheshaji alitujia na kalamu, mimi na mzee tukiwa tumesimama pamoja. Aliuliza jambo ambalo nililingoja kwa miaka yote.

"Nitangaze nani katunga?"

Nikafungua mdomo.

"Mimi," alisema mzee.

Basi jina la mtunzi likatangazwa kwa kipaza sauti, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu yote, na lilikuwa la mkulima wa tumbaku ambaye hajawahi kushika daftari. Iliniuma. Nisidanganye, iliniuma mpaka ubeti wa pili. Halafu kiitikio kikafika, na wale wazee wa pale, walioacha kila mmoja mbuzi wake, wakaanza kuitikia bila kufundishwa, na nikaona kwamba ningesimama kusema ni wangu ningekuwa kweli tapeli.

Wimbo ulipokwisha, mzee aliondoka mahali pake. Alikuwa amelishika koti mkononi, sikuwa nimeliona tangu posa. Akapita mbele ya mwimbaji, akampita mwalimu wa kwaya, akaja mpaka nyuma nilipokaa na daftari langu, akanivika.

Binti akatoka kwenye safu yake, amekunja uso.

"Baba, hilo si lile koti lililoibwa?"

"Ndilo," alisema mzee, ananifunga kile kifungo cheupe. "Mwizi alilirudisha mwenyewe. Nikaona mtu wa namna hiyo unaweza kumpa na binti."